Zamu ya Mwisho Kwenye Likelemba

Mtaani kwetu Musonoi, mjini Kolwezi, tulikuwa wanawake kumi kwenye likelemba. Kila mwezi waume zetu walipolipwa mgodini, kila mmoja wetu alitoa kiasi kile kile, na mmoja akabeba fedha zote. Jirani yangu, tuliyegawana naye ukuta, aliomba zamu ya kwanza. Mimi niliomba ya mwisho, nipate vya kuringia Noeli. Tena nikamcheka kwa pupa yake. Mvumilivu hula mbivu, nilimwambia.

Yeye akanunua cherehani ya mkono, mpya, nyeusi tii. Tangu hapo sikupata raha. Kutwa nzima niliisikia ikinguruma ukutani, na wateja wakipita mlangoni kwangu na vitenge kwapani. Mume wangu mwenyewe alimpelekea suruali! Nilimwonea wivu, na sina jina jingine la kuupamba.

Mgodi nao ukaanguka. Shaba ilipopungua, serikali haikuwa na cha kuwalipa watu wake, ikachapa noti, na kila sufuri iliyoongezwa ilizipunguzia nguvu. Bei ya asubuhi haikufika jioni. Nasi, wajinga sisi, hatukupandisha kiasi cha likelemba hata mara moja, maana tulikuwa tumepatana. Zamu yangu ilipofika nilikwenda sokoni na kapu zima la noti, nikaambiwa zinatosha vipande viwili vya sabuni. Nikarudi na noti zangu. Nililia kwa hasira, na ng'ambo ya ukuta mwenzangu anashona.

Halafu wenyeji wakaanza kuwafukuza watu wa asili ya jimbo la Kasai. Jirani yangu alizaliwa hapa hapa Kolwezi, ila baba yake alitoka kule. Vijana wa mtaa walimpa siku mbili awe ameondoka. Niliposikia, niliiwaza cherehani kabla ya kumwaza yeye.

Kesho yake alikuja nayo kichwani, watoto wake watatu nyuma.

"Mama, twala hii machine," alisema. "Unipatie tu bunga ya mu njia. Ku gare batu banangojea train siku mingi, na batoto beko na njala."

"Bunga iliisha, mama. Niko na feza tu."

Nikamsogezea kapu. Alilitazama, kisha akanitazama mimi, maana alijua vizuri noti zile zinanunua nini. Gunia la unga wa posho ya mume wangu lilikuwa nyuma ya mlango, limejaa zaidi ya nusu. Ningeweza kumgawia na tusilale njaa. Lakini nilitaka, walau mara moja, naye aonje kubeba kapu lile.

Akalibeba, cherehani akaniachia. Akasema aksanti, mama, akaenda gare na watoto wake.

Jioni nilisonga bukari kwa unga wa gunia lile. Mume wangu akauliza kama nilimpa jirani unga wa safari. Nikasema nilimpa.