Mzee Aliyebishana na Tafsiri Yangu

Cheka ukitaka, lakini nilikuwepo, sikuhadithiwa, na pombe sijawahi kuionja. Mimi ndiye mwenye kibanda cha video hapa Murusagamba. Picha zinakuja kwa Kiingereza, mimi nashika maiki, natafsiri. Haya, nakiri: Kiingereza chenyewe sikijui sana. Nisipoelewa, natunga. Watu wanacheka, kesho wanarudi. Kosa liko wapi?

Siku moja ya gulio, saa nane mchana, niliweka picha ya zamani ya zimamoto wakati wa vita. Mji unapigwa mabomu, maghala yanawaka, na zimamoto wamejaa masizi hadi hujui nani mweupe nani mweusi. Mmoja anaingia ghalani na mpira wa maji. Mwenzake yuko mlangoni, anapiga kelele. Halafu ukuta unaanguka, yule wa ndani anakufa. Mimi zile kelele huwa nazitafsiri hivi: "Ingia ndani kabisa, kuna pombe!" Kibanda kizima hucheka.

Siku hiyo sauti ikatoka benchi la mbele. "Sikusema hivyo."

Nikamwangalia. Mzee mmoja, simjui, ana pengo la meno ya mbele, kavaa koti zito limelowa chapachapa. Na mvua hatujaiona mwezi mzima! Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Naomba utuache tuangalie."

Hakuitikia. "Sikusema hivyo. Rudisha nyuma."

Jamani, watu wanaokatiza picha wananichosha! Nikarudisha, basi tu anyamaze, nikatafsiri vilevile. Akasimama, akalia mbele za watu. "Kila siku unamwambia aingie! Mwanangu, yule ni mdogo wangu. Mwambie atoke."

Nikatazama runinga. Aliyekuwa mlangoni pa ghala ni yeye, koti lilelile, pengo lilelile la meno ya mbele. Nikarudisha mara ya pili, nikapaza sauti kwenye maiki: "Toka! Ukuta unaanguka! Toka, mdogo wangu!"

Yule wa ndani akatupa mpira, akatoka mbio. Ukuta ukaangukia nyuma yake. Picha hiyohiyo niliyoionyesha miaka! Kugeuka, mzee hayupo. Benchi limelowa, linanuka moshi. Mama muuza chapati aliyekaa mlangoni anaapa hakumwona mtu akitoka.

Tangu hapo, kila nikiiweka, anatoka mzima. Wateja wananigombeza: "Picha gani hii ya vita, hafi mtu?" Niwaeleze nini? Na utani umeniisha. Nikishika maiki naangalia kwanza nani kakaa mbele. Nisipoelewa nasema sijaelewa, na nusu ya wateja wamehamia kwa jirani. Nimechoka kweli.

Kwa hiyo wewe unayesemea wengine, iwe kanisani, mkutanoni au kwenye maiki kama mimi, usiwatie watu maneno mdomoni. Mimi nilimrudisha mtu motoni sijui mara ngapi, na kila mara nilikuwa natafuna karanga.