Permi Mpya na Ndevu za Matanga

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Shefu wa garaji wa hospitali yetu ya misheni, mzee mfupi aliyenuka mafuta ya mazuti hata siku ya Jumapili, alinisimamisha kando ya gari la jipu, akaniambia nifumbe macho, akawasha injini. Akaniuliza nasikia nini. Nikajibu nasikia injini. Akaizima na kunituma nikaoshe magurudumu, na kesho yake tukaanza tena palepale, mpaka siku nilipomwambia kwamba kuna mlio mmoja mdogo unaochelewa kuliko mingine. Ndipo alipocheka. "Motoka iko nasemaka," aliniambia. "Weye ukisema mingi, utaisikia saa gani?" Mimi ni mtu wa maneno mengi tangu utoto, kwa hiyo somo hilo lilinichosha kuliko magurudumu yote.

Ninyi mnaoendesha leo mnaanza na permi, yaani leseni ya udereva, halafu ndipo mnatafuta gari. Sisi tulianza na tope. Kwanza ulikuwa boy-shofere, msaidizi wa dereva, yule anayeruka chini na kutia kigogo nyuma ya tairi gari linapokwama mlimani, anayechota maji ya radiata mtoni na kulala juu ya mizigo. Baadaye shofere alikuachia usukani kwenye tambarare, akiwa ameshika breki ya mkono kwa wasiwasi. Nilijifunza kushuka mlima kwa gia ndogo ili injini yenyewe ilizuie gari, maana anayekanyaga breki toka juu hufika chini hana breki. Nilijifunza kujaza feuille de route, karatasi inayosema umetoka wapi, unakwenda wapi na umembeba nani. Nimebeba akina mama wenye uchungu, nimebeba maiti, nimebeba chanjo katika masanduku ya barafu, na siku moja nilimbeba mkubwa mmoja wa Kinshasa aliyetapika toka Nyankunde hadi Bunia na kunilaumu mimi kwa mashimo ya barabara.

Kisha vita ikaja, na hiyo sitaisimulia hapa. Naomba mjue jambo moja tu. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa mtu wa Bambu, na mimi ni mtu wa upande wa pili. Watu wa kwao na watu wa kwetu waliacha kutembeleana. Ndoa nyingi za namna yetu zilivunjika, lakini sisi tulibaki nyumba moja pale Mudzipela, mtaa wa Bunia wenye watu wa kwetu, tukifunga mlango mapema na kusali kwa sauti ndogo. Vita ilipotulia, wakwe zangu hawakurudi kututembelea. Hawakututukana wala kutuma neno baya. Walinyamaza tu, na kimya cha mkwe kinauma.

Amani ile ilikuwa amani ya bariere. Mnajua bariere: kamba iliyokatiza barabara, kibanda cha turubali, na watu wenye silaha ambao leo wana furaha na kesho hawana. Wengi wao hawakujisumbua na maandishi. Walitazama picha ya permi, wakakutazama wewe, wakarudi tena kwenye picha. Ukifanana na picha yako, kamba ilishuka, ukapita. Nilimwona mwalimu mmoja akikalishwa chini mchana kutwa kwa sababu tangu apigwe picha alikuwa amenenepa. Alikuwa akilalamika kwamba ni mke wake anayepika vizuri, na hakuna aliyetaka kumsikiliza.

Katika miaka hiyo tulipata shefu mpya wa charroi, yaani mkubwa wa magari yote ya kazi. Alikuwa kijana wa viatu safi, lakini si mtu mbaya. Alitukusanya garajini akatuambia kwamba permi zetu za karatasi, zile za picha iliyobanwa kwa pini, zimekufa. Sasa inatakiwa kadi ngumu, na picha inapigwa na mashine ya ofisi yenyewe. Mwezi ukiisha, asiyekuwa na kadi atarudisha ufunguo. Mimi nilikuwa mkubwa wa umri kuliko wote, na kijana wa kunipokea alikuwa tayari, anaosha gari langu kila asubuhi bila kuombwa. Pensheni ilikuwa bado mbali. Nikitoa ufunguo, ningekwenda kusukuma toroli sokoni kwa mgongo huu, na sikujua kazi nyingine.

Na wakati huo Mama Neema alikuwa ametutoka. Ugonjwa ulimchukua upesi, nasi tulimzika Bunia. Kutoka Bambu alikuja kaka yake peke yake, Shemeki Dhena, akasimama karibu na uzio hadi udongo ulipofunika, akarudi siku ileile. Sasa desturi ni hii, kwetu na kwao vilevile: mume aliyefiwa hanyoi nywele wala ndevu mpaka wakwe waje kuondoa matanga. Anayeshika wembe ni shangazi wa marehemu. Mwanamume akijinyoa mwenyewe, amesema mbele ya watu wote kwamba mke wake hakuwa na kwao. Miezi ilipita, wakwe hawakuja, na ndevu zangu zikafika kifuani.

Nilianza safari ya permi nikiwa hivyo. Kwanza walitaka breve, cheti cha shule ya udereva. Mwalimu wa shule hiyo alikuwa boy-shofere wangu wa zamani, niliyemfundisha mwenyewe kubadili gia. Alinizungusha katikati ya vijiti kwenye uwanja wa mpira, naye aliona haya kuliko mimi. Mbuzi wangu mmoja alikwenda na breve, wa pili alikwenda benki, nikapewa bordero, karatasi ya kuonyesha nimelipa. Muuguzi alinipima macho akaridhika. Nikapanga foleni ofisini, umeme ukakatika, nikarudi, umeme upo lakini mtandao wa Kinshasa umelala, nikarudi tena. Kwenye benchi la ukuta ule nilifahamiana na watu kuliko kanisani.

Hatimaye niliketi mbele ya mashine. Binti wa kupiga picha alishika kadi yangu ya mpiga kura, ile tunayoitumia kama kitambulisho, yenye uso wangu wa zamani usio na ndevu. Akaniuliza kwa upole kama yule wa kwenye kadi ni ndugu yangu. Watu wa benchi walicheka, na mimi nikacheka nao ili nisilie. Mkubwa wake akatoka ndani, akatazama kadi, akanitazama.

"Papa, hii permi utatembea nayo miaka mingi," alisema. "Ndevu itatoka tu siku moja. Ukifika ku bariere bila ndevu, batasema umeiba permi ya mutu. Enda unyoe, urudie vendredi isipite, juu kisha ile bordero yako itakufa."

Sikuweza kumkasirikia, kwa sababu alisema kweli. Ijumaa ilikuwa wiki ile ile. Bordero ikifa, unalipa upya, na mbuzi wengine sikuwa nao. Ng'ambo ya barabara kinyozi alikuwa akinipungia mkono, kiti kitupu. Nyumbani wanangu waliniambia ninyoe tu, Bambu ni mbali, nani ataona. Nilikaa na wembe mezani nikauangalia. Niliogopa kupoteza kazi, nakiri, lakini niliogopa zaidi kumtupa mke wangu mara ya pili. Wazee husema kuuliza njia si kupotea. Nikaufungia wembe kabatini, nikaamua kwenda kuuliza.

Nilikwenda Bambu kwa moto, yaani pikipiki, nimekaa nyuma ya kijana anayeendesha kwa mkono mmoja na kutafuna muwa kwa mwingine. Kila kona mguu wangu wa kulia ulikanyaga breki ambayo haikuwepo. Tangu vita sikuwa nimekanyaga njia hiyo kama mkwe. Nilikuwa nimepita tu na gari la hospitali lenye msalaba. Kijana akaniuliza nakwenda kwa nani. Nilipomwambia, aligeuka kunitazama muda mrefu kuliko barabara ilivyoruhusu.

Shemeki Dhena alinikuta kwenye ua, akaniletea kiti. Shangazi wa marehemu, Mama Ruta, alikuwa ndani. Alikuwa mwanamke mkavu, mnene wa sauti, ambaye zamani alipokuwa akija kwangu hata majirani walishusha redio. Nilipewa chakula kwanza, bugali na samaki, nikala kwa shida. Kisha nikaeleza yote: permi, mashine, picha, ufunguo, Ijumaa. Nilisema sikuja kulazimisha. Nilisema wakikataa nitarudi na ndevu zangu na kazi iende.

Kuku alipita katikati yetu. Nikaanza kutafuta maneno ya kuaga.

"Weye unajua siye tulikuwa tunangoja nini?" Mama Ruta aliuliza. Nikasema sijui. "Watu walituambia huku: yule mutu ya upande ile, mwezi moja tu atanyoa, ataoa mwengine. Mu soko ya Mudzipela kuko watoto yetu banauzisha mihogo. Kila wiki banatuletea habari ya ndevu yako. Miye nilisema, ngoja. Nione."

Sikujua kwamba ndevu zangu zilikuwa na wasomaji wengi namna hiyo. Shemeki Dhena aliinamisha kichwa na kusema kwamba waliogopa. Si mimi waliyemwogopa. Waliogopa mtaa wangu, kama walivyoukumbuka wakati wa vita. Kuja matanga kwangu ilikuwa ni kulala kwangu, katikati ya watu wetu, na tangu vita hakuna mtu wa kwao aliyelala Mudzipela. Nilimwambia hata mimi nimekuja kwa moto nikiogopa njia nzima. Tukacheka kidogo, wote watatu.

Niliomba Mama Ruta aninyoe hapohapo. Alikataa. Matanga huondolewa kwenye ua wa marehemu, si mahali ulipokula bugali. "Rudia kwako," alisema. "Siye tutakuya."

Nilirudi na siku mbili zilizobaki nikazitumia vibaya. Sikulala vizuri, nilifagia ua, nikafagia tena. Niliwaambia majirani wageni wangu ni akina nani, kwa sababu kuficha kungekuwa na hatari zaidi. Wengine waliitikia, wengine waliingia ndani wakafunga milango. Shefu wa charroi alipita na kuniuliza kadi, nikamwambia Ijumaa. Alhamisi ilifika, jua likapanda, likaanza kushuka, na wanangu wakaacha kunitazama usoni.

Kisha gari likasimama njiani. Lilikuwa lori la kukodi, na walikuwa wamekuja wengi: Shemeki Dhena, wake wa ndugu, vijana, na Mama Ruta mbele, ameshika kuku jike chini ya kwapa. Alishuka, akasimama katikati ya barabara, akapiga ile hodi yake ya zamani ya kushusha redio. Jirani yangu wa mkono wa kushoto, aliyekuwa amefunga mlango, akaufungua na kutoa viti vyake mwenyewe. Wengine walimfuata. Mpaka leo namshukuru mtu yule.

Mama Ruta alininyoa palepale uani, kwa maji ya baridi, akinigeuza kichwa kwa mkono usio na huruma. Ndevu zilipoanguka alizikusanya katika kitambaa. Alipomaliza alinishika kidevu akanitazama, kisha akasema, "Njo huyu, ni yeye niliyemupatiaka mutoto wangu." Nililia, nami sikuona haya. Mzigo uliokuwa juu yangu tangu siku ya kuzika uliondoka jioni ile. Walilala kwetu wote, wengine juu ya mikeka sebuleni, na asubuhi hakuna aliyekuwa na jambo baya la kusimulia.

Ijumaa nilikwenda ofisini na kidevu cheupe na mashavu meusi. Binti wa mashine aliniomba nisicheke, kwenye picha ya permi mtu hacheki. Nilijaribu. Alipiga, akafuta, akapiga tena, mwisho akachoka na kuniambia basi, itabaki hivyo. Kadi yangu ilitoka ikiwa ya mtu anayezuia kicheko. Niliipeleka kwa shefu wa charroi mchana huo, akaitazama, akaniambia nibaki na ufunguo wangu, na yule kijana akanipa tambara lake la kuoshea gari bila chuki. Nikaendesha mpaka siku yangu ya pensheni.

Sasa nimestaafu, na kadi hiyo imekwisha muda wake. Sikuifanya upya, usukani nimewaachia wenye magoti mazuri. Vijana hunijia wakilalamikia gharama za permi, foleni, breve, bordero, na mimi huwapa pole, maana ni kweli yanachosha. Halafu huuliza kama kweli ilistahili, mbuzi wawili na aibu yote ile kwa kipande cha plastiki. Huwa nawasimulia jambo moja.

Mwaka uliofuata Mama Ruta aliugua, nikatumwa kumchukua Bambu kumleta hospitali. Kwa desturi mwanamke wa namna yake haketi karibu na mkwe, lakini nyuma palikuwa na wagonjwa wawili wamelala, kwa hiyo aliketi mbele, kando yangu, amegeuzia uso dirishani kwa heshima. Kwenye bariere mwanajeshi aliomba permi. Alitazama picha, akanitazama, akatazama picha tena. Nadhani kile kicheko kilimtatiza. Akaniuliza jina, akasikia ni la upande gani. Akamuuliza mama jina lake, akasikia ni la upande gani. Akaondoa mkono kwenye kamba. Akauliza huyu mwanaume ni nani wake.

Mimi nilifungua mdomo, lakini Mama Ruta, na homa yake yote, alinitangulia.

"Huyu ni mutoto yetu," alimwambia. "Angalia photo muzuri. Ile kidevu, miye njo nilinyoa."