Tulipoteremka Kumchukua Kaka

Kwetu, mtu wa milimani aliruhusiwa kulima nyikani, ila hakuruhusiwa kulala huko. Jumbe hakuitangaza sheria hiyo, ulizaliwa ukaikuta. Nyika ilikuwa na homa, na watu wasiojulikana babu zao. Mlimani kulikuwa na baridi, migomba na makaburi, na kwa mama yangu hayo ndiyo yalikuwa nyumbani; mengine yote ni mapambo.

Shida ni kwamba mlima haukuongezeka. Bonde zuri chini yetu, lenye maji mwaka mzima, lilikuwa la Mzungu. Kwanza Mjerumani, vita vikamwondoa, akaja Mwingereza, na mpaka ukabaki pale pale, kana kwamba mawe yake hayakusikia habari za vita. Sisi wa mteremkoni tuliendelea kuzaana. Baba alipofariki, shamba lake likagawanywa kwa wanawe wa kiume. Mimi, binti, nilikuwa mchuuzi, nikiteremsha kabichi na mapeasi sokoni Mombo kwa lori, na jicho langu lilizoea kupima. Fungu la kaka yangu nililipima kwa hatua, nikalipima tena kutokea upande wa pili, nikidhani nimekosea. Sikukosea. Nikamwambia, "Kaka, hapa ng'ombe akilala, mkia utakuwa kwa jirani." Alicheka mpaka akakaa chini.

Akapata shamba nyikani, nje kidogo ya mashamba ya mkonge. Mwaka wa kwanza alipanda mlima kila jioni. Mwaka wa pili tulimwona Ijumaa kwa Ijumaa. Kisha akaoa huko huko, binti wa manamba aliyetoka Ubena, mmoja wa wale walioandikishwa kwa namba na kuletwa kwa malori kukata mkonge. Mama alimpokea mkwe vizuri, akampa kigoda na chakula. Mkwe alipoondoka, mama akaniuliza, "Makaburi ya kwao yako wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

Sikujua. "Basi mwanangu ameoa upepo," akasema.

Masika yaliyofuata, homa ikamchukua kaka. Habari zililetwa asubuhi na utingo wa lori. Kabla lori halijageuza, wanaume walikwishaanza kuchimba migombani, ubavuni mwa baba. Hakuna aliyeuliza. Kwetu mtu anaweza kufia popote, lakini kuzikwa ni nyumbani. Kuuliza kungekuwa kama kuuliza mto utaelekea wapi.

Mjomba akaniambia niende nao, yeye na vijana, kumchukua kaka. "Wale watu wa huko mimi siwawezi. Wewe una mdomo." Tukapanda lori lile lile, mjomba, vijana wa kubeba, na mimi na mkeka mpya.

Uwanja wa kaka ulijaa watu nisioweza hata kuwapanga: Wabena, Wanyamwezi, Wapare, Wazigua, kila mmoja na lafudhi yake, wote wakilia msiba mmoja. Vijana wetu walipolisogelea jeneza, jirani mmoja Mzigua, mtani wetu, akawahi akajilaza juu yake, mikono kifuani.

"Washambaa mmefika! Mmeleta kamba? Mtamfunga kama mzigo wa kabichi?"

"Ondoka hapo, Mzigua," mjomba akasema. "Leo si siku ya utani."

"Leo ndiyo siku yake. Akitetemeka kwa homa, ninyi mlikuwa juu mnaota moto. Maji nimemnywesha mimi. Mkimpandisha, mnipandishe na mimi. Na mimi mzito, nawaambieni mapema."

Watu wakacheka, hata mjomba, kwa pua. Kazi ya mtani ni hiyo, kuzuia maiti mpaka alipwe. Ila huyu hakudai chochote, na hakuondoka.

Nikaingia ndani kwa wifi. Alikaa sakafuni katikati ya wanawake, mwanawe mchanga amelala mapajani.

"Pole, wifi."

"Nimeshapoa."

"Wifi, kule kaburi liko tayari."

"Nani aliwaambia mchimbe?"

Katika maisha yangu ya kubishana bei, sijawahi kufunguliwa soko namna ile. Nikasema baba yetu yuko pale, babu yetu yuko pale.

"Wahesabu," akasema.

"Nani?"

"Wafu wenu walioko migombani. Wahesabu."

Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Vidole havikutosha mara zote mbili.

"Mimi nina mmoja. Baba yangu. Alizikwa nyuma ya kambi, na mwaka jana wamepanda mkonge juu yake. Sasa mchukueni na huyu. Mwanangu akikua akaulizwa kwao ni wapi, anyooshe kidole wapi?"

"Njoo naye kwetu. Ni kwao."

"Tukalime wapi? Kwenye mkia wa ng'ombe?"

Kumbe kaka alimsimulia. Wifi akaendelea.

"Shamba hili jumbe alimpa mume wangu. Akiondoka, hata akiwa maiti, watasema mwenyewe amerudi kwao, na mimi nitafukuzwa. Akiwa hapa chini ya udongo, nani ataniondoa?"

Bei isiyopungua unaijua kwa sauti ya mwenye mali: haipandi. Yake haikupanda. Nikamfunika mtoto miguu, nikatoka nje.

"Anabaki," nikamwambia mjomba.

"Umeshindwa? Wewe?"

"Nimeshindwa, mjomba."

Mjomba akachukua jembe mkononi mwa kijana. "Basi tuchimbe vizuri." Mzigua akashuka kwenye jeneza bila kuambiwa, akachukua jembe la pili. Kaka alizikwa juu ya mkeka wangu, na waliombeba ni watu wa makabila nisiyoyajua kwa majina.

Tuliporudi mlimani, mama alikuwa amesimama njiani, akitazama mabega ya vijana. Hayakuwa na kitu.

"Nilikutuma kumleta," akaniambia. "Nani alikutuma kuuza?"

Nikamweleza yote, mtoto, shamba, mkonge juu ya kaburi la yule Mbena. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani. Wanaume walilifukia lile kaburi tupu kabla ya magharibi. Udongo ule ule uliotoka haukutosha kulijaza. Wakaongeza wa shambani.

Mama hakusema nami mpaka arobaini ilipopita. Siku ya soko nikakuta mche wa mgomba umefungwa vizuri juu ya mzigo wangu wa kabichi. "Mpandie kichwani," akasema. "Pale hakuna kivuli."

Niliupanda na wifi. Tuliumwagilia, tukauwekea majani makavu. Jua la nyikani liliumaliza kabla ya mwezi kwisha.

Mama aliuliza kila siku ya soko. Nikasema umeshika. Nikasema umefika gotini, halafu kiunoni, nikiurefusha kwa uangalifu, nisije nikauzidisha kuliko mgomba wa kweli. Mpaka akasema, "Sasa utakuwa umezaa. Niletee."

Nikanunua mkungu sokoni Mombo, nikambebea juu. Akachemsha, akaonja, akatafuna polepole.

"Tamu," akasema. "Kama za kwetu."

Zilikuwa za kwetu. Mombo ndizi zote huteremka kutoka mlimani, na mama alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa.

Akanisogezea sahani. "Kula," akasema. "Wifi yako amezilima kwa taabu."