Kimya Tulichokipigia Kura

Niliyoyaona kwa macho yangu nitayaandika kuwa niliyaona. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa, na msomaji ayapime mwenyewe.

Mashine yenyewe niliiona katika kikao cha wazee wa kanisa letu mjini Kitale, miaka ile ambayo simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuingia kila nyumba. Ilikuwa kijisanduku cheusi chenye antena tatu, na kazi yake ilikuwa kuziba mtandao wa simu wakati wa ibada. Jumapili iliyotangulia, mama mmoja alikuwa amepokea simu katikati ya sala, akamwelekeza mtu mahali lilipo gunia la mbegu. Nilikasirika kuliko wote.

"Sheria inaruhusu?" niliuliza.

"Mwalimu, si hata mabenki ya Nairobi wanatumia," akajibu mfanyabiashara aliyeileta. "Hakuna mtu ameshikwa."

"Hiyo benki umeiona wewe mwenyewe?"

"Nimeambiwa na mtu anajua. Wewe mwalimu, hata Yesu akirudi utamwitisha kitambulisho."

Walicheka. Mimi, niliyewafundisha watoto miaka mingi kutoamini neno lisilo na ushahidi, niliinua mkono pamoja nao, kwa sababu nilikitaka kimya kile. Sheria ya mawasiliano niliisoma baadaye, nikiwa nimechelewa: kuvuruga mawasiliano bila kibali ni kosa.

Jumapili ya tatu baada ya kura ile, nilipotoka langoni ibada ilipokwisha, simu yangu ilipata mtandao, na papo hapo ikalia. Alikuwa jirani wa dada yangu; dada alikuwa mjane aliyeugua pumu na kuishi peke yake Bungoma. Aliniambia nije upesi. Nilipofika, dada yangu alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Amekutafuta sana, mzee," jirani alisema.

Sikumkubalia. Yeye mwenyewe alikuwa kanisani asubuhi ile, na aliporudi alimkuta dada ameshakufa.

Lakini kati yangu na dada palikuwa na mapatano. Pumu ikimbana hadi asiweze kusema, aniflashi: simu ilie mara moja, akate, nami nimpigie dereva wa teksi wa pale Bungoma ampeleke hospitali. Alikuwa amefanya hivyo mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili dereva alimfikia kwa wakati.

Simu yake ilikuwa kitandani, kando ya mto. Nilifungua orodha ya namba alizopiga. Yangu ilikuwapo mara nne, ya kwanza saa nne na dakika hamsini, ya mwisho saa tano na dakika kumi na mbili. Saa hizo mahubiri yalikuwa yakiendelea, nami nilikuwa nimeketi kiti cha mbele, nikiridhika na utulivu.

Nilivua saa yangu ya mkononi, nikailinganisha na saa ya simu ile, nikitumaini kwamba yake ilikuwa imekosea. Zilikuwa sawa.