Bango la Msichana Anayelia

Filamu yetu ya ngumi tuliirekodi Ihumwa, kando ya reli, tukiwa wanafunzi wa chuo. Shujaa wake alikuwa rafiki yangu, msichana kutoka kijiji cha Haneti, aliyeruka kutoka juu ya lori na kuwaangusha majambazi wawili. Mimi nilihariri kionjo cha filamu, vile vipande vifupi vya kuitangaza, kwa deki mbili za video za kuazima.

Siku bango lilipoletwa kutoka kwa mchoraji, nilipandwa na hasira. Katikati alichorwa jambazi mwenye bunduki, na rafiki yangu miguuni pake, amepiga magoti, analia.

"Huyu analia nini?" nilimuuliza mwongozaji, mwanafunzi mwenzetu. "Kwenye filamu amelia wapi?"

"Dada, siku hizi ni soko huria. Nani ataingia kumwona msichana akipiga wanaume? Hata kwenye kionjo, ule mruko wake utoe."

"Utoe mwenyewe!"

Hakujua kuzitumia zile deki. Basi siku ya kukionyesha chuoni, kionjo kilianza na mruko uleule, na ukumbi mzima ukashangilia. Lakini bango halikubadilishwa. Rafiki yangu alipita mbele yake amenishika mkono kwa nguvu. Yule mwongozaji sijamsamehe mpaka leo.