Sauti ya Shangazi Sebuleni

Kwa shangazi yangu, huko Moa, simu haziingii chumbani. Mlangoni pana ungo, na kila mwanamke anayekuja siku ya kumfunda mwari huiacha simu yake humo, awe mke wa nani. Shangazi ni somo, ndiye anayewafunda. Wasichana wa pale, na wengine wanaoletwa kutoka mjini, hukaa naye kabla ya kuolewa, na yanayosemwa mle ndani hayatoki. Mama hamsimulii mumewe, dada hamsimulii mdogo wake ambaye wakati wake haujafika. Mimi pia alinifunda yeye, na hapa siandiki hata neno moja la aliyoniambia. Nimeshaharibu vya kutosha.

Naishi mjini, Makorora, nafundisha sekondari, na katika ukoo wetu ndimi niliyejipa ufundi wa mambo ya kompyuta. Sijausomea. Nilikuwa tu wa kwanza kununua, na mdomo wangu ukamalizia kazi iliyobaki. Mtu akipata simu mpya ananiletea niiwashe. Kaka yangu aliponunua televisheni kubwa, ile inayoingia mtandaoni, ni mimi niliyeiandaa. Ilipodai akaunti nikaingiza ya kwangu, maana yeye alikuwa hakumbuki nenosiri lake, na mimi sina subira ya kukaa namngoja mtu akumbuke. Nikabonyeza kubali, kubali, kubali, nikamkabidhi rimoti. Nilijiona mjuzi kwelikweli.

Kisha shangazi akaanza kusumbuliwa na kifua. Mjukuu wake wa mwisho bado yuko chuoni, hana mchumba, na shangazi akaingiwa na hofu kwamba atakufa hajamfunda. Wenzake waliojua mambo yale yote, pamoja na nyimbo zake, wameshatangulia. Wazo la kumrekodi kwa video lilikuwa langu. Nataka lieleweke hilo, kwa sababu ndugu zangu kwa kunihurumia husema eti shangazi aliniomba. Hakuniomba. Nilimng'ang'ania.

"Simu haiingii," alisema.

"Si simu, shangazi. Ni kompyuta yangu ya kazini. Haipigi wala haipigiwi."

"Na ufunguo wake?"

"Ina nenosiri. Nalijua mimi tu."

"Yakiingia humo hayatoki?"

"Hayatoki. Ni kama sandukuni mwako."

Sanduku lake lipo chini ya kitanda, lina kanga za zamani, udi, na sanda aliyojinunulia mwenyewe. Ufunguo wake anautungika shingoni. Nililitaja makusudi, kwa kuwa nilijua litamlainisha. Akanitazama kidogo, akasema haya. Nikaweka simu yangu ungoni kwa adabu zote, kisha nikapita mlangoni na kompyuta kwapani.

Siku zile zilikuwa nzuri, sitakuwa mwongo. Alikuwa akikaa mkekani, anaanza na bismillahi, kisha anavua ushungi na kuanza kusema. Alisema kama mtu anayezungumza na yule mjukuu mwenyewe: anamtania, anamgombeza, anacheka mpaka kikohozi kinamshika, anaimba huku akipiga mkeka kwa kiganja. Tulipomaliza alisema, "Wakati wake ukifika mwonyeshe, mkiwa wawili tu. Ukishamwonyesha, futa." Nikamwambia usiwe na wasiwasi.

Baadaye tukawa na hitima ya marehemu baba, nyumbani kwa kaka. Wanaume walikuwa sebuleni, sisi wanawake uani tunapakua pilau kwenye masinia, na shangazi amekuja kutoka Moa, amekaa kwenye kibao anachambua zabibu. Kisomo kilikuwa kimekwisha. Wageni walikuwa wakingoja chakula, na kaka, kwa kutotaka wakae kimya, akawasha televisheni atafute mawaidha.

Alichokiona alinieleza baadaye. Juu kabisa ya kioo kulikuwa na mstari wa picha umeandikwa kwamba ni mambo mapya kwa ajili yake, na picha moja ilikuwa ya shangazi, kavaa ushungi wake, kakaa mkekani. Akadhani ni video ya Idi. Akawaambia wageni, "Mnamwona dada yake marehemu huyu," akabonyeza.

Uani tukasikia bismillahi. Hakuna aliyeshtuka, si nyumba ilikuwa na kisomo? Kisha sauti ikaendelea, na mkono wa shangazi ukasimama juu ya sahani ya zabibu. Alikuwa wa kwanza kuitambua. "Ni mimi yule," alisema, kwa upole, kama anayeuliza.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Sebuleni shangazi alikuwa amejaa kwenye kioo, kichwa wazi, anacheka, anamwambia mjukuu wake jambo ambalo mwanaume hapaswi kulisikia kinywani mwa mama wa watu. Kaka alikuwa akibonyeza rimoti ovyo na kila akibonyeza sauti inapanda. Wageni wote walikuwa wameinamisha vichwa, wanautazama mkeka, na mmoja anasema astaghfirullah mfululizo. Nikapita katikati yao, nikarukia waya wa umeme, nikaung'oa ukutani. Mzee mmoja wa msikitini, Mungu amlipe, akasema, "Pilau yenu nzuri sana." Pilau ilikuwa bado haijaletwa.

Niliporudi uani shangazi alikuwa ameshavaa buibui.

"Shangazi, wallahi sijui imefikaje kule."

"Niletee viatu vyangu."

Nikamletea. Nikapiga magoti nimvalishe, akanisukuma mkono, akavaa mwenyewe.

Nilikuwa nimesema kweli, sikujua. Kesho yake, baada ya vipindi, nilikaa na ile kompyuta na nikajua. Kila nilichokihifadhi mahali pale nilipozoea kuhifadhi kilikuwa kikinakiliwa na kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni, nchi gani sijui, tangu siku niliyoiwasha mara ya kwanza. Na kila chombo chenye akaunti yangu, televisheni ya kaka ikiwemo, kilikuwa kinaweza kuvichukua vitu hivyo kutoka huko. Niliulizwa, naam. Katika yale maandishi marefu ambayo huwa siyasomi, niliulizwa na nikakubali. Halafu nikakuta ukurasa wa nyuso. Mashine ilikuwa imetutenga mmoja mmoja, kila uso ndani ya duara lake: watoto wangu, kaka, wanafunzi. Shangazi alikuwamo. Chini yake pameandikwa "Shangazi", na walioandika si watu wa kampuni. Zamani kidogo mashine iliniuliza, huyu ni nani? Nami nikaona raha kuulizwa, nikajibu.

Niliona haya kiasi kwamba niliifunika kompyuta kwa kanga, nikaiacha mezani.

Haya kwangu huwa haikai sana kabla ya kugeuka hasira. Nilianza na kaka, nikamwambia ana vidole vya kiherehere, tukanuniana. Kisha nikahamia kwa kampuni. Nikasoma kila nilichoweza kukipata kuhusu programu zinazofungwa zisionekane ndani, kwamba hata ukitaka kujua zinafanya nini na mambo yako huwezi, maana aliyeziunda amezitia kufuli na funguo kabaki nazo yeye. Ndipo nikakutana na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao maandishi yake yako wazi, mwenye kujua anaweza kuyasoma na kuona kila jambo ambalo mfumo wenyewe unafanya. Nikaupakua kwa intaneti ya shuleni, nikautia kwenye flashi, nikaufuta ule wa zamani. Nilipokuwa nausimika uliniuliza jina na nenosiri la kufungulia kompyuta. Akaunti haukutaka. Nilikaa naungoja uitake. Ulipomaliza bila kuitaka, nililia pale pale mezani, machozi ya kijinga kabisa.

Haukuwa mteremko. Printa ya shule iligoma kuzungumza nayo. Mitihani niliyoitunga ikifunguliwa kwenye kompyuta ya mwalimu wa taaluma, majedwali yanasambaa ukurasa mzima, naitwa kuulizwa. Sikujali. Nilikuwa kama mtu aliyeacha sigara jana. Ofisini nikawa mhubiri: nani anaingia kwako bila kupiga hodi? Mtu akipiga hodi asiitikiwe, si anarudi alikotoka? Basi hizi programu zenu zimo ndani mpaka chumbani na hazijapiga hodi hata mara moja! Walimu wenzangu wakawa wakiniona tu wanazigeuza simu zao kifudifudi. Niliwasimikia Linux wawili, mmoja akaifuta siku hiyohiyo.

Siku moja nilikuwa nimeshika kasi, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, jirani yangu pale Makorora na aliyekuwa uani siku ya hitima, akainua macho kwenye madaftari yake.

"Na shangazi umeshakwenda kumwona?"

Nikamweleza nilivyobanwa na mitihani.

"Kuna watu wa mtaani kwetu walikuwa wampeleke binti yao kwake," akasema. "Wamempeleka kwa mwingine. Nilidhani umesikia."

Sikuwa nimesikia. Nilikaa chini. Mahubiri yote yale, na mtu niliyemwahidi sanduku sikuwa nimemtazama usoni. Kubadilisha kompyuta ilikuwa ile sehemu ya aibu niliyoiweza.

Jumamosi nilishuka basi barabara kuu nikapanda bodaboda hadi kwake, kompyuta nimeipakata. Sijui nilikuwa nadhani itanisaidia nini. Nilimkuta barazani, amepungua, kanga imemzidi mabega.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

Hakuwa na kinyongo sautini, na hilo lilinimaliza. Ningependa anifokee. Niliomba radhi, maneno yakinitoka vipande vipande, akasikiliza. Kisha, badala ya kunyamaza, nikaifungua kompyuta. Nikamwonyesha mfumo mpya, nikaeleza kwamba huu haupeleki kitu popote bila mimi kuutuma, kwamba hata akaunti hauna, kwamba tukitaka kuanza upya sasa inawezekana kwa usalama kabisa. Nilisema sana. Alikuwa anatazama midomo yangu, hatazami kioo.

"Na yale yaliyotoka," akauliza, "yamerudi?"

"Nimeyafuta, shangazi. Kule kwenye akaunti nimefuta yote, na akaunti yenyewe nimeifunga."

"Sikuuliza umefuta. Nimeuliza yamerudi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Asingejua. Lakini mara ya mwisho nilipomjibu kwa uhakika aliniamini.

"Sijui," nikasema. "Wenyewe wanasema yamefutika. Mimi sina njia ya kuingia kwao nikaangalia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi yako huko," akasema. "Nitakufa niyaache huko." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Alasiri wakaja wanawake, majirani watatu na binti mmoja wa pale pale Moa anayeolewa karibuni. Kumbe ilikuwa siku ya kufunda. Nikafurahi moyoni kwamba bado wapo wanaomleta mtu kwake, na nikafurahi zaidi kwamba nimejikuta nipo, maana mimi ni mke wa mtu, nimefundwa, tangu hapo huwa naingia na ni mimi ninayepokea nyimbo zake. Waliweka simu zao ungoni mmoja mmoja. Nikaweka ya kwangu. Na kompyuta nikaiacha barazani, mbali na mlango, ili shangazi aone, nikavua viatu, nikawafuata.

Shangazi alikuwa amesimama kizingitini. Wenzangu walipita. Nilipofika mimi akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, mwepesi, wa moto kwa homa.

"Wewe baki na simu, mwanangu," akasema.

Akaingia, akafunga mlango. Nilisikia komeo likipita. Zamani hakuwa akitia komeo, pazia lilimtosha.

Nikakaa kwenye ngazi ya baraza, nikauchukua ungo nikaupakata. Ndani wakaanza kuimba, chini chini, chini kuliko nilivyowahi kuwasikia, na palipofika mahali pangu pa kupokea, akapokea mwingine. Simu moja ikawaka magotini pangu, mume wa mmoja wao anapiga. Niliiacha iite mpaka ikanyamaza.