Mguu wa Mashine Yangu

Mimi sikusoma sana. Darasa la pili nilitoka, nikaenda kuuza ndagala, vile visamaki vya ziwani. Lakini muulize mtu yeyote wa Uvira wa miaka ile: nyumba ya kwanza ya mabati mtaani kwetu ilikuwa ya nani? Duka lenye baraza ya simenti, je?

Mtoto wa marehemu kaka yangu nilimsomesha mimi mpaka akamaliza kwa mapadri. Hesabu alizijua, ulimi ndio ulimkatalia. Na kazi aliyoitaka ilikuwa ya karani wa mizani, soko la pamba kule Sange, mtu wa kuita kilo kwa sauti ili kila mkulima asikie zake.

Nikamfundisha nilivyojua, kwa nguvu. "Sema. Weye iko mwanaume." Akazidi kukwama. Hata kuniita baba, ile herufi ya kwanza ilimshika mpaka machozi yakamlenga.

Barazani pangu alikaa fundi wa nguo, akishonea mashine yangu. Jioni moja nikasikia mtoto anasimulia habari ndefu ya shule, anacheka, hakwami popote. Kumbe amekaa kwenye mashine, mguu unakanyaga, maneno yanafuata.

"Acha mguu utangulie, mwanangu," fundi akamwambia.

"Ndiyo, baba."

Baba. Laini kama mawese. Mashine nimenunua mimi, baraza nimejenga mimi, halafu neno langu anapewa mwingine.

Siku ya majaribio ya kazi kule Sange nilimkataza fundi kwenda. "Nguo za watu atashona nani?" Nikaenda mimi, na koti, na viatu vya ngozi. Mzungu wa pamba amesimama kando, wakulima wa Kiringye wamepanga magunia. Mtoto akaniona, akakwama gunia la kwanza.

"Huyu anapima ao anatafuna?" mkulima mmoja akauliza. Watu wakacheka.

Nikaanza kukanyaga chini kwa kiatu changu, ta-ta, ta-ta, kama mashine. Akasikia. Mguu wake ukaingia, kilo zikatoka moja moja mpaka gunia la mwisho. Kazi akapata. Kwa kiatu changu. Fundi hata kiatu hakuwa nacho.

Tulipofika nyumbani alinipita mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa fundi kwenye mashine. "Baba, nimepata." Kisha akanigeukia mimi: "A-a-asante, b-b-b..." Sikumngoja amalize.

Kesho yake nikamwamuru fundi aingize mashine dukani, akaiweke karibu na kiti changu.